Nilivyokuwa Michael Scott bila kujijua

Mleta uzi anasema amepandishwa cheo juzi, sasa anawasimamia watu aliokuwa anakaa nao meza moja. Kwa kuwa ni mpenzi wa The Office, ile komedi ya televisheni ya meneja Michael Scott anayetaka kuwa rafiki wa wafanyakazi wake, anauliza kama mtu anaweza kuwa bosi na rafiki kwa pamoja, au ile ni komedi tu. Wengi wamemjibu "weka mipaka mkuu" wakaishia hapo. Mipaka ipi sasa? Ngoja niseme yaliyonikuta. Niliwahi kuwa supavaiza wa watu 12 kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, na wanne kati yao walikuwa rafiki zangu wa kufa na kuzikana.

Dalili ya kwanza ilikuwa utani wangu. Kabla ya cheo, nikitoa utani mbovu naambiwa palepale kwamba ni mbovu. Wiki ya pili ya usupavaiza, utani uleule unawavunja watu mbavu. Nikajiona nimeiva! Ilinichukua muda kung'amua kwamba mtu unayemsainia likizo atakucheka vizuri siku zote.

Michael Scott watu humcheka kwa ujinga wake. Mimi sioni kama shida ni ujinga. Kwenye toleo la Uingereza la 2001, meneja David Brent wa tawi la kampuni ya karatasi pale Slough anataka kupendwa, basi, na msimu wa pili anaishia kubembeleza asipunguzwe kazi. Wamarekani walipoanza toleo lao 2005, Michael alikuwa karibu yuleyule. Kuanzia msimu wa pili wakamlainisha, wakatuonyesha kwamba jamaa ni muuzaji hasa. Kuna epizodi inaitwa The Client: anakaa na mteja jioni nzima ni utani na hadithi, bosi wake Jan ameshakata tamaa, halafu mkataba unapatikana. Yaani urafiki ndio ujuzi wake, ndio uliompandisha cheo. Ila mteja akikuchoka anaaga anaondoka. Mfanyakazi wako ataaga aende wapi?

Tazama epizodi ya Dinner Party ya 2008. Jim na Pam, wafanyakazi wake, wamekwepa mialiko ya Michael mara nyingi. Safari hii anazua kazi, eti makao makuu wanataka watu wabaki kazini mpaka usiku. Kila mtu anafuta mipango yake. Kisha anajifanya anapiga simu makao makuu kuwatetea, kazi inafutwa, na hapohapo anamgeukia Jim kumwuliza jioni ana shughuli gani. Jim kabanwa, na chakula cha jioni chenyewe kinageuka balaa.

Nilicheka sana epizodi ile. Miezi kadhaa baadaye nikahama nyumba, na nilihitaji mtu wa kunisaidia kubeba vitu Jumamosi. Ratiba ya zamu naipanga mimi. Nikampa swahiba wangu mmoja mapumziko ya Jumamosi, kisha nikamwambia, "Kaka, si uko huru Jumamosi? Njoo unipige tafu." Akaja, akabeba kabati ngazi tatu huku anatabasamu, mimi najisifia kuwa na rafiki wa kweli. Alipokuja kuacha kazi, tumekaa tunapiga stori, nikamkumbusha siku ile. Akaniambia, "Ningekataaje? Ratiba si ulikuwa unaandika wewe?" Wala hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Jingine ni habari mbaya. Kwenye epizodi ya Health Care, Michael ameambiwa achague bima ya afya ya bei nafuu. Hataki kuchukiwa, kwa hiyo anajaribu kumsukumia Jim, Jim anakataa, inaangukia kwa mfanyakazi mwingine, Dwight, naye anafyeka mafao kama anafyeka majani. Michael anajifungia ofisini. Mimi zamu ya jioni ilipoongezwa saa moja nilimtuma msaidizi wangu akatangaze. Watu wakamchukia yeye, mimi nikawa napita kwenye meza zao nawapa pole. Nawapa pole kwa uamuzi niliousaini mwenyewe!

Na barua ya onyo ya rafiki yangu mwingine, mchelewaji sugu, ilikaa kwenye droo wiki tatu. Nasubiri siku nzuri. Michael naye alikuwa na mwezi mzima wa kuamua nani afukuzwe, akangoja mpaka siku ya mwisho, siku ya Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kuvaa mavazi ya maigizo, amevaa kichwa cha pili cha bandia begani. Anaanza na mfanyakazi aitwaye Creed, Creed anajitetea, mwisho anafukuzwa mwenzake Devon. Kwangu ilikuwa hivyohivyo kasoro kichwa: katika hizo wiki tatu nilimpa onyo dada mmoja aliyechelewa mara mbili tu, kwa sababu yeye hatukuwa na mazoea. Ofisi nzima iliona. Hilo sijawahi kulilipa.

Nilichobadilisha ni hiki. Ratiba ya zamu ikawa ya mzunguko wa miezi mitatu, imebandikwa ukutani, mkono wangu hauigusi tena. Shida zangu za nyumbani simwambii mtu wa chini yangu anisaidie, hata akijitolea. Habari mbaya naitoa kwa mdomo wangu, siku ileile. Na kundi la WhatsApp nilijitoa mwenyewe. Hili watu hunishangaa, lakini wafanyakazi wanahitaji mahali pa kumsema bosi, na kama upo ndani watafungua lingine usilolijua. (Walikuwa wameshafungua.)

Na usidhani ukiwa na akili kama Jim utapona. Alipoachiwa ofisi siku moja tu, kwenye epizodi ya Survivor Man, aliamua sherehe zote za kuzaliwa ziunganishwe iwe moja, wazo zuri kabisa kwenye karatasi, na watu wakamgeuka. Michael aliporudi akamwambia hata yeye aliwahi kujaribu.

Urafiki haukufa lakini. Yule wa kabati alihama nyumba mwaka jana, safari hii nikabeba mimi. Nilitania njia nzima na hakucheka hata mara moja.