Kipandauso: mishipa ya damu au ubongo?

Swali: Jambo docta. Ninasomea uuguzi hapa Bukavu, na kipandauso kinanisumbua tangu sekondari. Siku moja kabla napiga miayo ovyo, shingo inakaza, natamani chai yenye sukari nyingi. Kesho yake naona mistari ya mwanga inayometameta, kisha kichwa kinapwita upande mmoja na ninatapika. Kinachokuja karibu na hedhi hakina mwanga, ila kinauma zaidi. Tumefundishwa kwamba mishipa ya damu hupanuka, basi. Mwenzangu anabisha kuwa ni serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya neva. Nani ana haki? Na je, chai ndiyo inayoniponza?

Jibu: Dada, chai nadhani unaisingizia. Miayo, shingo kukaza na hamu ya sukari ni shambulio lenyewe, limekwisha kuanza. Picha za ubongo zilizopigwa saa nyingi kabla ya maumivu zimeonyesha hipothalamasi tayari imechangamka, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayosimamia usingizi, njaa na homoni. Kwa hiyo mtu hula kitu kwa sababu kipandauso kinakuja, halafu kesho yake analaumu alichokula. Wapo wanaoacha chai, ndizi, hata sombe, wakabaki na njaa na kichwa kilekile. Na kuruka mlo ni kichochezi kinachojulikana vizuri.

Mwanga una historia nzuri. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura, alieleza wimbi linalotambaa juu ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na kuzima umeme wake. Huenda milimita 2 hadi 5 tu kwa dakika. Linapofika, seli za neva hufyatuka kwa pamoja, potasiamu inamwagika nje, glutamati, kemikali ya kusisimua neva, inatoka na kuwasha seli jirani, nazo zinafanya vivyo hivyo. Kisha eneo lote hunyamaza kwa muda, kama nyika iliyopitiwa na moto. Safari ijayo angalia saa yako. Doa dogo huanza karibu na pale unapokazia macho, likapanuka taratibu kuelekea pembeni kwa dakika 20 hivi, mistari ikimetameta ukingoni na nyuma yake huoni vizuri. Hilo ni wimbi likipita kwenye sehemu ya ubongo ya kuonea, kule kisogoni.

Nyama ya ubongo yenyewe haiumi. Kinachouma ni utando unaoufunika, ambao mishipa yake ya damu imezungukwa na ncha za neva ya trijemina, ile inayopeleka hisia za uso na kichwa. Ncha hizo zikiamshwa hutoa peptidi (kipande kidogo cha protini) iitwayo CGRP, ambayo hupanua mishipa na kuifanya njia ya maumivu iwe nyepesi kusisimka, ndiyo maana hata kuinama kuokota kalamu kunauma. Mwaka 1990 Goadsby na Edvinsson waliripoti kwamba CGRP hupanda katika damu inayotoka kichwani wakati wa shambulio. Na mtu mwenye ugonjwa huu akitiliwa CGRP kwa dripu, mara nyingi kipandauso humshika.

Basi mwalimu wako hakudanganya, ila amekamata mkia: kupanuka kwa mishipa ni tokeo, na peke yake hakuelezi ugonjwa. Mwenzako naye ana kipande chake. Sumatriptani, dawa ya kipandauso ya kundi la triptani, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya serotonini, yaani mahali serotonini inaponasa kwenye seli: vya kwenye mishipa huibana, vya kwenye ncha za neva huzuia CGRP isitoke. Kipandauso cha hedhi huchochewa na estrojeni, homoni ya kike, kushuka ghafla, na kwa kawaida huja bila mwanga, kama ulivyosema.

Kwa matumizi: wakati wa shambulio tumbo hupunguza kasi, kidonge kinalala humo bila kuingia kwenye damu. Kimeze maumivu yakiwa bado madogo. Usizoee lakini: ukimeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani siku 10 au zaidi, dawa yenyewe inaanza kuleta maumivu ya kichwa. (Hapa kwetu kichwa kikigonga tu mtu anameza dawa ya malaria. Pima kwanza.) Na kwa kuwa unaona mwanga, usianze vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kabla ya kumweleza muganga jambo hilo, maana hatari ya kiharusi inaongezeka, vipo visivyo na estrojeni.