Mama ameteleza kwenye malumalu tuliyomwekea sisi

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Mama yangu ana miaka 74 na anaishi peke yake Pangani tangu baba atangulie mbele ya haki. Mwaka jana sisi watoto tulichanga tukamwekea malumalu nyumba nzima mpaka bafuni. Mwezi uliopita ameanguka mara mbili, na mara ya pili akateguka kifundo cha mkono. Kaka zangu wanataka nimchukue nikae naye Dar. Yeye hataki hata kusikia, anasema mkinitoa hapa mnanizika. Nifanyeje?
Binti wa mwisho, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Kwanza huo mkono: umepigwa eksirei au mmeridhika na mchua? "Kuteguka" kwa mwanamke wa umri huo mara nyingi ni mfupa uliopasuka. Apelekwe. Mwenye miaka 60 na kuendelea ni mzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee, basi aulizie dirisha la wazee asipange foleni na vijana.

Sasa nikuulize wewe. Alianguka saa ngapi? Alikuwa anatoka wapi anakwenda wapi? Hukuniandikia, na nina wasiwasi hata yeye hamkumuuliza. Mmekaa kikao cha Kimara kabla ya kujua kisa cha Pangani.

Panda basi Ijumaa, ulale chumbani kwake. Usiku akiamka kwenda msalani usiwashe taa wala usimshike mkono. Mfuate kimya kimya nyuma yake, uangalie mkono wake unashika nini njiani. Nakwambia hivi kwa sababu ya mama yangu mwenyewe, Muheza. Choo chake kilikuwa uwani, na uwani ilipita kamba ya kuanikia nguo. Siku moja mdogo wangu akaihamisha kamba ile upande wa pili, maana ilimzuia kuingiza pikipiki. Usiku uleule mama akaanguka. Kumbe alikuwa anaishika kila usiku, miaka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejua. Mimi nikiwa nesi wa wodi ya mifupa!

Kwa hiyo pale anaposhika kitasa, kona ya kabati au ukuta mtupu, ndipo pa kuweka chuma. Mwite fundi akate bomba la chuma la inchi robo tatu, alichimbie ukutani kwa sementi, usawa wa nyonga yake. Kile cha kutundikia taulo hakihesabiki, kitang'oka naye.

Malumalu sina ugomvi nazo sebuleni. Watoto mkipata hela ndiko mnakokimbilia, na mama hufurahi wageni wakija. Lakini bafuni zing'olewe, irudi sakafu ya sementi iliyokwaruzwa. Kama choo ni cha kuchuchumaa, seremala amtengenezee kiti kizito cha mbao chenye tundu katikati. Msimtobolee kiti cha plastiki, miguu yake huachana juu ya maji. Kandambili zilizolika soli zichomwe, na mkeka uliojikunja pembe utoke njiani. Kizingiti kipakwe chokaa nyeupe ili akione.

Na komeo! Wazee wa pwani wanapenda kujifungia kwa komeo la ndani. Akianguka saa nane usiku nani ataingia? Tieni kitasa cha funguo kinachofunguka hata kwa nje, funguo wa pili akae nao jirani anayemwamini yeye, si mnayemwamini nyinyi. Simu iwe ya kitochi, aifunge kwenye pindo la kanga kama anavyofunga hela. Simu iliyo juu ya kabati haimsaidii mtu aliye sakafuni.

Anameza dawa za presha? Baadhi humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, asome Kulhuwallah mara tatu taratibu, ndipo asimame. Kama kuna vidonge vya kukojoza na anavimeza jioni, muulizeni daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi. Msimwachishe wenyewe. Macho nayo yapimwe, huenda ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa.

Najua mtakachofikiria baada ya hapo: kumtafutia msichana wa kazi. Sawa, ila msichana asimnyang'anye mwiko. Nimeona wazee walioingia wodini wakitembea, wakahudumiwa kila kitu kitandani, wakatoka wamebebwa. Mwacheni apike, jiko la mkaa liinuliwe juu ya meza ya matofali asiiname. Badala ya ndoo ya lita 20 achote kwa kidumu cha lita 5, safari ziwe nyingi. Asubuhi na jioni akae kwenye kiti kigumu, ainuke mara kumi bila kujisukuma kwa mikono. Mapaja ndiyo yanayomfikisha mtu chooni.

Kimara? Wewe unatoka alfajiri, unarudi usiku. Atakaa na televisheni na geti lililofungwa. Pangani akikohoa tu kuna mtu ukutani wa pili anauliza "vipi, Bibi?" Siku akianza kusahau chungu motoni au kupotea njia ya sokoni, niandikie tena, hayo ni mazungumzo mengine.

Moja la mwisho, na jirani wa funguo alijue. Akianguka tena, mguu ukaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, hiyo ni nyonga. Asikandwe wala asisimamishwe. Hospitali.

SWALI: Babu yangu anachechemea goti la kulia. Tumemnunulia fimbo lakini anaona aibu, na akiishika bado anayumba.
Mjukuu, Lushoto

JIBU: Bila shaka anaishika mkono wa kulia. Fimbo hukaa mkono wa upande mzima, yaani kwake kushoto, na hutangulia pamoja na mguu mbovu. Urefu: asimame wima amevaa viatu, mikono ining'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Ikizidi, kateni. Chini itiwe mpira, milima yenu ikinyesha ni sabuni tupu. Ama aibu, hiyo ya dukani itupeni. Mpeni panga akajichongee yake mwenyewe, na mimi napenda kujua atachagua mti gani.