Mwenye duka ataka "sistimu ya stoki tu", niandike mahitaji mangapi?

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Niko mwaka wa tatu chuo hapa Mombasa, muhula huu tuna kozi ya uhandisi wa mahitaji ya programu na asainmenti ni kuandika SRS, ile dokumenti ya mahitaji, yaani yale programu inatakiwa kufanya, ya mfumo wa duka la jumla la mboga Kongowea. Mwenye duka nishaongea naye kwa simu kama dakika kumi, akasema yeye ataka "sistimu ya stoki tu". Nimepata mtandaoni templeti ya IEEE 830, kile kiwango cha wahandisi cha kuandikia SRS, na kuna jamaa wa saiba aniuzia SRS ya duka iliyokamilika kwa elfu tatu. Je, templeti hiyo bado yakubalika? Na yale mahitaji ya ubora, kama kasi na urahisi wa kutumia, niweke mangapi ndio alama zitoke vizuri?

Jibu: Waaleikum salaam kijana wangu. La templeti ni jepesi. IEEE 830 ni ya 1998 na ilishaondolewa, mahali pake ikaja ISO/IEC/IEEE 29148 mwaka 2011, ikarekebishwa 2018. Muulize lekchara wako ataka ipi, ile ya zamani vichwa vyake si vibaya. La mangapi halina jibu, hata matatu yatosha kama yapimika.

Lililonichoma roho ni hizo dakika kumi za simu.

Swali hili hunijia kila mara limevaa kanzu tofauti. Watu wanafikiri mahitaji yako mahali yamekaa tayari kama maembe yaliyoanguka chini ya mti, wewe kazi yako ni kupita na kikapu, na hata hilo neno "kukusanya mahitaji" mnalofundishwa ndilo lawapoteza. Mwenye duka si mjinga wala hakufichi kitu, ni kwamba mengi ayafanya kwa mazoea mpaka hayaoni tena. Hebu niambie, "stoki" ni nini kwenye duka la nyanya? Jana jioni kreti 20, leo asubuhi 17, hakuna aliyeuza na hakuna aliyeiba, zimeoza. Viazi vyaingia kwa gunia vyatoka kwa ndoo na gorogoro, sasa mfumo uhesabu kipi? Bei ya alfajiri si bei ya saa nne. Mama mboga achukua leo alipa Ijumaa, na deni lake liko kwenye daftari chini ya mizani ambalo bosi hakukutajia kwa simu kwa sababu kwake yeye hilo si stoki. M-Pesa yaingia simu ya nani? Na nani ataandika mauzo, yule kijana mikono imejaa udongo? Ukishaweka majina na namba za wadaiwa ndani ya mfumo, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yakuhusu, hilo nalo ni hitaji.

Kwa hivyo usiniandikie "mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia", hiyo ni dua. Andika kwamba kijana wa duka aweze kuingiza mauzo ya gunia moja ndani ya sekunde 15, kwa simu ya bei ya chini, bando likiwa limeisha. Hapo mtu aweza kuja na saa akakupima ukafaulu ama ukaanguka.

Mimi mwenyewe nilishaangushwa. Miaka hiyo nimetoka chuo na kichwa kikubwa, nikajenga mfumo wa duka moja la nafaka hapa mjini, nikakaa na tajiri ofisini, tukanywa kahawa, akaniambia, "Stoki ikiisha mfumo ukatae kuuza." Nikaandika hivyo hivyo na programu ikafanya kazi safi. Kumbe pale mzigo huja na lori alfajiri na huanza kuuzwa juu ya lori kabla karani hajafika, basi magunia 40 yako mlangoni, wateja wamesimama na pesa, na mfumo wangu wasema hakuna kitu. Wiki moja tu wakarudi kwa daftari. Mzee wa kupokea mzigo, ambaye angeniambia yote hayo kwa sentensi moja, sikumsalimia hata siku moja.

Na haya si ya maduka peke yake. 14 Septemba 1993 ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A320 ilitua Warsaw mvua inanyesha, njia ya kutulia ndege imejaa maji. Programu ilikuwa imeandikiwa kwamba injini zisisukume kinyume kupunguza mwendo mpaka miguu yote miwili ya nyuma iwe imebeba uzito, sharti la busara kabisa, nani ataka hilo litokee angani? Lakini ndege iligusa kwa mguu mmoja kwanza, wa pili ukachelewa kama sekunde tisa, breki zikachelewa na njia ikaisha. Walikufa watu wawili. Upepo na kasi vilichangia, sikatai, lakini programu ilifanya lile lililoandikwa, na lililoandikwa halikuijua ile njia yenye maji.

Sasa jamaa wako wa elfu tatu. Hiyo SRS yake nadhani nimeshaiona, ina "admini" na "admini mkuu" kwa duka la watu wawili, na ukitafuta vizuri utakuta ukurasa mmoja umesahaulika waongea habari za wagonjwa, manake mwanzo ilikuwa ya zahanati. ChatGPT nayo itakuandikia mahitaji 40 yamepangika kama meno ya kitana, na hakuna hata moja litakalojua nyanya huoza. Itumie kusafisha lugha ukitaka, baada ya kwenda sokoni.

Wanaonitisha zaidi ni hawa wanaomaliza chuo kwa mtindo huo halafu wanapita madukani na mfumo mmoja kwenye flashi, leo wauuzia duka la dawa, kesho lojingi, keshokutwa madrasa, wanabadilisha jina na rangi tu. Wenye maduka mnaosoma hapa, akija mmoja wao muulizeni amekaa siku ngapi kwenye duka kama lenu akitazama tu. Akianza kuwaonyesha skrini badala ya kujibu, mpeni chai, muagane naye.