Maswali ya Wasomaji: Papa potwe anaonwa wapi?

Jamani mwezi huu simu yangu imejaa papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoadoa ambaye Wazungu wanamwita whale shark, nadhani ni zile video zinazozunguka kwenye magrupu kila msimu ukikaribia, basi mengine yote nimeweka pembeni kwanza tumalizane na hili.

Anko shikamoo. Desemba tunataka kuwapeleka watoto Mafia, mmoja ana miaka 9 mwingine 12. Mtu wa kazini kaniambia pale kuna kituo cha utafiti wa bahari wanafuga papa potwe, unalipa kiingilio unawaona kwenye bwawa. Ni kweli? Na tunafikaje bila kuuza kiwanja? – Mama wa wawili, Tegeta

Marahaba mama. Huyo wa kazini kakupa nusu ya habari. Utafiti upo na ni wa miaka mingi, wale Marine Megafauna Foundation, shirika la kuchunguza wanyama wakubwa wa baharini, wamekuwa wakifanya kazi na WWF na wataalamu wa hapa hapa nyumbani tangu 2012, ila bwawa la papa potwe hakuna na sijui nani angelichimba, maana wale wa Mafia wengi ni madume bado vijana na hata hivyo kijana mmoja anaweza kufika mita 7 au 8. Maabara yenyewe ni bahari ya mbele ya Kilindoni. Watafiti wanapanda boti asubuhi kama wewe utakavyopanda, wanaruka majini na kamera, basi.

Sasa hapo ndipo watoto wako watafurahi, ukiwaelezea kabla hamjaenda. Papa potwe wa mita 7 anapimwaje na wala hasimami? Wanafunga taa mbili za leza kwenye kamera, nafasi kati yao ni sentimita 50, wakipiga picha zile nukta mbili zinatua ubavuni kwa papa, wakirudi nchi kavu wanatumia nafasi ya nukta kupiga hesabu ya mwili mzima. Huyo wa miaka 12 mwambie ndio hesabu za uwiano anazolalamikia shuleni. Wakati mwingine wanachukua kipande kidogo sana cha ngozi wajue anakula nini, na wengine wanavishwa vifaa vya kufuatilia wanakokwenda.

Na hivyo vifaa vilileta jambo ambalo mi binafsi nalipenda kuliko yote. Kila mtu alikuwa anaamini msimu ukiisha papa wanahama Mafia, si hawaonekani? Watafiti wakazamisha vipokeo chini ya bahari kuzunguka eneo lile, kila papa mwenye kifaa akipita karibu kipokeo kinaandika, na majibu yaliyochapishwa 2015 yakaonyesha wengi hawajaenda popote, wapo hapo hapo, ila wanasogea mbali kidogo na ufukwe na kushuka chini, kwa hiyo sisi wa juu ya boti tunaona maji matupu tunasema wamehama. Ndio maana nawaambia watu kama kuna kituo cha utafiti cha kutembelea basi ni kile kipande cha bahari, na kukielewa unahitaji mtu wa pale akueleze, sio kiingilio.

Kinachowaleta juu ni chakula. Miezi ya Oktoba mpaka Machi hivi uduvi wanajaa ghuba ya Kilindoni na papa wanakuja juu kuwafuata, midomo wazi, na wavuvi wa dagaa nao wako pale pale na nyavu zao za kuzungushia, kwa hiyo mara nyingi nahodha akitaka kujua papa wako wapi anawauliza wavuvi kwanza. Wakati mwingine papa anaingia ndani ya wavu kabisa, wavuvi wanashusha upande mmoja anatoka. Desemba mpo ndani ya msimu. Ila hakuna anayeweza kukuahidi, akikuahidi asilimia mia mtafute mwingine, na mkiweza wekeni siku mbili za kwenda baharini msije mkapata upepo siku moja mkarudi Dar mmenuna.

Usafiri: ndege ndogo kutoka Dar ni nusu saa hivi na ndiyo itakayouza kiwanja ukiwa na familia. Njia ya wananchi ni kwenda kwa basi kupitia Mbagala mpaka Nyamisati huko Kibiti halafu kivuko mpaka Kilindoni, ni masaa kadhaa, mwanzo unapita kwenye mikoko ya Rufiji kabla hujaingia bahari kuu, pazuri kweli, ila ulizia ratiba siku moja kabla maana maji kupwa na kujaa ndiyo yanaamua. Laleni Kilindoni, guesti zipo. Watu wengi wanakimbilia Utende kwa sababu ndiko hoteli za wazungu ziliko, kule unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari na kuna tozo yake kwa siku, wakati papa wenyewe wako upande huu wa magharibi nje ya mpaka wa hifadhi. Kama mnataka na matumbawe ya Chole hapo sawa lipeni, hela haijapotea.

Anko mimi sijui kuogelea na papa nawaogopa, lakini mchumba ananing'ang'aniza twende. Nifanyeje? – Dereva, Temeke

Nenda. Huyu anakula uduvi na vijidudu vya baharini, meno anayo mengi lakini madogo kama punje za mchele na hayana kazi ya maana. Cha kuogopa ni mkia, sio mdomo, akiupiga na wewe uko nyuma yake utaumia. Usiyejua kuogelea baki botini na jaketi okozi lako, kwa kuwa anakula juu ya maji utaona mgongo wote na madoadoa yake akipita pembeni, wengine wanasema hivyo ni bora kuliko kunywa maji ya chumvi. Mchumba aingie, ila asimguse. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni mita 3 kutoka ubavuni, 4 kutoka mkiani, bila flashi, na boti isimzibie njia. Mkiona nahodha anamfukuza papa kwa injini ili wateja wapate picha mwambieni aache, nyie ndio mnaolipa.

Habari mhariri, niko Osaka kimasomo. Kaiyukan, lile jumba la samaki la hapa, nimeshaenda. Nasikia wana kituo cha utafiti huko Kochi nacho kina papa potwe, kuna tofauti gani au ni kupoteza nauli? – Mwanafunzi, Japani

Nzuri sana. Tofauti ipo. Kaiyukan, iliyofunguliwa 1990, ni maonyesho, bwawa la tani 5,400 na taa na umati. Hicho kituo cha Kochi kinaitwa Iburi, kiko Tosashimizu, kusini kabisa mwa kisiwa cha Shikoku, na kipo kule kwa sababu papa potwe huwa wananasa wenyewe kwenye nyavu kubwa za kudumu za wavuvi wa pale. Wanawekwa kituoni, wanazoeshwa kula juu ya maji kwa upawa, wanachunguzwa, baadhi wanasafirishwa kwa lori lenye tangi mpaka Osaka na baadaye wanaachiwa baharini wakiwa na vifaa vya kufuatiliwa. Ni mbali kweli na usafiri wa mwisho ni wa basi, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama wageni wanapokelewa siku hiyo na kama papa yupo, maana tangi linaweza kuwa tupu. Mimi bado nasema mnyama wa kuzunguka bahari nzima kumweka tangini ni jambo linalonikaa vibaya, lakini pale Iburi angalau unaona kazi inafanyika.

Anko, mwaka jana nilipiga picha papa shilingi Diani tukiwa kwa boti. Inaweza kufaa mtu ama nifute tu, simu imejaa? – Kijana wa Ukunda

Usifute! Papa shilingi wenu ndiye papa potwe huyu huyu. Madoa ya kila papa ni yake peke yake kama alama za vidole, na watafiti wanayatambua kwa programu ambayo hesabu zake zilitokana na wanaastronomia wa kulinganisha ramani za nyota. Wanachotaka hasa ni ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua juu ya pezi. Ingia tovuti ya Sharkbook, pandisha picha, andika tarehe na mahali, ikipatana na papa aliyeshaonekana kwingine utaambiwa. Toka 2016 huyu yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka kwa hiyo kila picha inahesabiwa. Kama una ya upande wa kulia tu tuma hivyo hivyo, na kama ni mkia peke yake hiyo sasa futa upate nafasi.