Iningi ya nane haina mwenyewe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Timu yako iko kileleni, warushaji wamepungua, dirisha la Julai linakaribia kufungwa. Ungemleta nani, na ungemtoa nani?" Nimelisoma wakati wa mapumziko kazini, na mpaka natoka zamu nilikuwa bado nabishana nalo peke yangu. Mimi ni mtu wa Detroit Tigers. Naishi Lansing, besiboli nimeijulia ukubwani, na swali lenu limetonesha kidonda.

Mniwie radhi, hilo la "nani" sitalijibu. Majina ya Julai hubadilika kila mwaka, na mwenye simu mkononi atayapata kabla jarida lenu halijatoka. Ninalotaka kulijibu ni jingine: huyo mrushaji anayeletwa, anakuja kurusha iningi ya ngapi? Maana sisi Detroit tumezoea kununua watu wa iningi ya kwanza, halafu tunafia kwenye ya nane.

Kwa waliohamia juzi na bado wanaitazama besiboli kwa jicho la kriketi: mechi ina iningi tisa, na katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Mrushaji wa kuanza, yule anayewarushia wapigaji mpira tangu mechi inaanza, hupanda kilimani mara moja kila siku tano au sita, na siku hizi akimaliza iningi sita kocha anashukuru. Zinazobaki ni za wale wanaokaa pembeni mwa uwanja wakisubiri simu ya kocha ilie. Oktoba, wakati wa mtoano, hao ndio wanaobeba mechi wakati kila mpigaji aliye mbele yao ni hatari. Lakini ikifika Julai, wenye timu wanapigana vikumbo kumgombea mtu mwenye jina kubwa wa kuanza, kama klabu ya Kariakoo inayosajili mshambuliaji wa nne huku kipa wake anaokota mipira wavuni kila Jumamosi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mrushaji wa kuanza hanunuliwi katikati ya msimu, hasa yule ambaye mkataba wake uko ukingoni. Unatoa kinda wa miaka kumi ijayo, unapata mtu wa miezi miwili.

Hapo mtu yeyote wa Michigan ataniwahi na jina la John Smoltz. Agosti 12, 1987, Tigers waliwapa Atlanta Braves kijana wa miaka 20, mtoto wa hapa hapa Lansing aliyesoma Waverly, wakamchukua Doyle Alexander mwenye miaka 36. Alexander akaanza mechi 11, akashinda 9, hakupoteza hata moja, na kwa wastani aliruhusu mikimbio (ndizo pointi zetu) 1.53 tu kwa kila iningi tisa. Smoltz yeye akaenda zake kushinda mechi 213, akamalizia nyingine 154, akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mwaka 1996, akatwaa ubingwa na Braves mwaka 1995, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown. Mtu akiniwekea hesabu hiyo mezani, mimi naona kesi imekwisha.

Mjomba wangu haoni hivyo. Alikuja Michigan kusoma miaka ya themanini, akaishia kiwanda cha magari, hakurudi tena. Anasema alikuwepo Tiger Stadium, kwenye kona ya Michigan na Trumbull, wikiendi ya mwisho ya msimu wa 1987, Toronto walipokuja wakiongoza kanda kwa mechi moja na wakaondoka wamefungwa zote tatu. Ijumaa alianza Alexander, 4-3. Jumapili akaanza Frank Tanana, 1-0. "Huyo Smoltz wako Ijumaa ile angekuwa wapi, mpwa wangu?" huniuliza, na jibu analo mwenyewe: "Glens Falls, ligi ya chini, anatafuta pa kulenga." Kwamba siku chache baadaye Minnesota waliwatoa kwa mechi 4-1, na Alexander akapoteza zote mbili alizoanza, hilo mjomba hulipitia mbio mbio.

Lakini 1987 mimi sikuwepo. Kilichonifanya nikae niandike ni Alhamisi moja, Julai 31, 2014.

Mjomba alikuwa amepata tiketi mbili kutoka kwa mwenzake wa kazini, mechi ya mchana, White Sox wa Chicago wamekuja Comerica Park, uwanja wetu wa sasa. Tuliteremka na barabara kuu ya I-96 mapema ili tupate maegesho ya bei nafuu ng'ambo ya Woodward, kisha tukatembea juani hadi viti vyetu, kule nyuma upande wa kulia, ambako wapigaji unawaona wadogo lakini walinzi wa nyuma unawaona mpaka migongo. Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi jioni. Mpaka iningi ya tatu au ya nne nilishaona kwamba jukwaa letu halitazami mpira. Watu wameinamia simu. Mbele yetu kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye redio ndogo sikioni, naye ndiye akawa mtangazaji wetu. Kila baada ya muda anageuka na kutangaza jina, na watu wa safu tatu wanaguna.

Kisha akageuka na kusema, "Price." David Price wa Tampa Bay, mshindi wa Cy Young wa 2012. Mjomba alinishika bega kwa nguvu hadi soda ikanimwagikia. Price! Huku tayari tuna Justin Verlander, Cy Young ya 2011, na Max Scherzer, Cy Young ya 2013. Miaka mitatu mfululizo ya tuzo ile, na washindi wote watatu ndani ya jezi moja. Vijana wa nyuma yetu walikuwa tayari wanagawana tarehe za Oktoba, nani anaanza mechi ya kwanza, nani ya pili. Nikamuuliza mjomba tunatoa nini. Akasema subiri.

Hatukusubiri sana. Ilikuwa iningi ya saba, White Sox ndio wanapiga, na mechi ikasimama. Mimi nilidhani kuna aliyeumia. Nikamtafuta aliyeanguka, sikumwona. Nilichokiona ni Austin Jackson, mlinzi wetu wa katikati, mtu niliyekuwa namtazama mgongo mchana kutwa, ameanza kukimbia polepole kuelekea benchi na glovu yake mkononi. Katikati ya iningi. Palepale uwanjani pakawa na pengo hadi mwenzake aliposogea kuliziba. Watu wa upande wetu walielewa kwa mafungu: kwanza wenye simu, halafu jirani zao, halafu jukwaa zima likawa limesimama linapiga makofi, na makofi yakazunguka uwanja. Kule benchini wenzake wanamkumbatia mmoja mmoja. Ameuzwa Seattle. Mabadilishano yalikuwa ya timu tatu: Jackson kwenda Mariners, Drew Smyly na kinda mmoja wa ligi ya chini kwenda Tampa, Price kuja kwetu.

"Hata iningi haijaisha?" nilimuuliza mjomba.

"Ameshauzwa," akanijibu, bado anapiga makofi. "Akivunjika mguu sasa hivi, huo utakuwa mguu wa nani?"

Jibu la mtu wa kiwandani hilo, na ni sahihi, na liliniudhi kuliko ningejibiwa ujinga. Jackson mwenyewe Detroit alikuja kwa mabadilishano ya timu tatu, Desemba 2009, Curtis Granderson alipopelekwa New York, kwa hiyo utaratibu alikuwa anaujua kuliko mimi. Iningi mbili zilizobaki sikumbuki lolote. Nakumbuka njia ya kurudi, mjomba ameshika usukani anahesabu kwa sauti: Scherzer, Verlander, Price, Scherzer, Verlander, Price. Mimi nahesabu vingine. Nani atacheza katikati? Na iningi ya nane tumempa nani?

Mnajua yaliyofuata. Oktoba ile Baltimore walituondoa kwa mechi tatu bila jibu. Mechi ya kwanza, hadi iningi saba zinaisha tulikuwa nyuma 4-3 tu; iningi ya nane peke yake Orioles wakaongeza mikimbio minane. Mechi ya pili tunaongoza 6-3, Aníbal Sánchez ametoka kurusha iningi mbili safi bila mtu kufika besi, vile vituo vya kukimbilia, kocha akamtoa. Iningi ya nane, tena! Akaingia Joba Chamberlain, kisha Joakim Soria, besi zikajaa, na Delmon Young, mchezaji wetu wa zamani, akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa na kuwaingiza wote watatu. 7-6. Tena hilo lilikuwa marudio. Mwaka uliotangulia, kule Boston, tunaongoza 5-1, iningi ya nane, David Ortiz akamvurumishia Joaquín Benoit mpira ukavuka ukuta besi zikiwa zimejaa, na Torii Hunter akaufuata mpaka akapinduka upande wa pili.

Hapa, kwa mwendo niliokuwa nao, ilibidi nimgeukie Price. Siwezi. Mechi ya tatu alianza yeye, akarusha iningi nane, akaruhusu mikimbio miwili tu, mpira mmoja wa Nelson Cruz uliovuka ukuta. Wapigaji wetu wakaingiza mmoja. Ukimnunua mtu akakupa iningi nane za namna hiyo Oktoba, umepata ulichokilipia. Na kuna jambo jingine linaloibana hoja yangu: Soria naye tulimnunua Julai ile ile, kutoka Texas, wiki moja kabla ya Price. Yaani ushauri wangu wa kununua watu wa iningi za mwisho, Detroit waliufuata kabla sijautoa, na ndiye aliyepigwa na Delmon Young.

Basi nitauweka msimamo wangu upya, na sitaweka dhamana juu yake. Kununua nyota si kosa. Kosa ni kumnunua nyota ukadhani soko limekwisha, au kumlipia kwa mtu anayesimama uwanjani kila siku. Mrushaji mmoja wa akiba naye si dawa, maana hawa watu hubadilika mwaka hadi mwaka hata wao hawajui kwa nini. Wanahitajika watatu, wanne, ili mmoja akichacha kocha awe na pa kugeukia. Mwaka 2025 Tigers walijaribu kitu cha aina hiyo: walileta mikono mingi ya bei ya kati, na makinda wao wakubwa, Kevin McGonigle na Max Clark, hawakuguswa. Matokeo? Kyle Finnegan kutoka Washington alikuwa lulu. Charlie Morton, miaka 41, aliachwa kabla msimu haujaisha. Cleveland waliokuwa nyuma kwa mechi 15 na nusu wakatupita na kuchukua kanda. Hata hivyo tuliwatoa hao hao Cleveland kwenye mtoano, tukafika mechi ya tano Seattle, Tarik Skubal akawazima wapigaji 13 ndani ya iningi sita, akatoka tukiongoza 2-1. Iningi iliyofuata wakasawazisha. Akiba yetu ikashikilia hadi iningi ya 15 ndipo tukafungwa. Mtu anaweza kusema mpango ulifaulu. Mtu mwingine aliyekesha kama mimi anaweza kusema mengine.

Hukumu yangu, basi, ni kununua. Warushaji wawili au watatu wa iningi za mwisho kwanza, na wa kuanza kama bei yake itakuwa ya kibinadamu. Makinda watoke, lakini wasitoke wale wanaocheza katikati ya uwanja. Yule kinda wa ligi ya chini aliyekwenda Tampa mwaka 2014 alikuwa Willy Adames, miaka 18, na jamaa zetu Wakongo wa Grand Rapids wanaoishi karibu na Comstock Park wangeweza kumwona pale Whitecaps, timu ya ligi ya chini ya Tigers. Desemba 2024 San Francisco Giants walimpa mkataba wa dola milioni 182. Na timu isiyo na mlinzi mwingine wa kweli wa katikati isimguse iliyenaye hata ikiletewa Price wawili. Haya yote ni kama timu inaongoza kweli. Ikiwa inaongoza kwa sababu ratiba ilikuwa nyepesi, ikae kimya.

Nimemsomea mjomba barua hii kwa simu. Amesema basi nimekubali kwamba 1987 walifanya vizuri. Nimemwambia kwa Alexander yule wa 9 bila kupoteza ningetoa kinda yeyote, ila si wa Lansing.

Msomaji wenu,
Lansing, Michigan