Anti, hela ya zawadi haitoshi, nishone nini?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi mpaka nikasema basi, maswali ya ndoa yasubiri Januari, maana naona watu wengi mna swali moja: Krismasi hii mnataka kwenda na zawadi za kutengeneza wenyewe kwa sababu mfuko umetoboka. Sawa. Ila niwaambie mapema, kutengeneza mwenyewe siyo lazima iwe rahisi kuliko kununua, kuna mtu alinunua mashine, gundi, riboni na boksi za zawadi, alafu akapiga hesabu akakuta kikombe cha dukani kingekuwa nusu ya bei. Kwahiyo nimejibu kwa macho hayo.

*Anti shikamoo. Mimi nipo Tegeta, nina mapacha na mdogo wao. Tarehe 22 tunapanda basi kwenda Rombo ukweni. Nikitoa nauli nabaki na elfu 80 ya zawadi na watu ni 14, watu wazima 8 watoto 6. Nimeona kwenye simu wanatengeneza mishumaa ya kunukia kwenye glasi, imenivutia sana, cherehani pia ninayo. Je mishumaa itanitosha? – Mama Pacha*

Marahaba mama. Mishumaa achana nayo. Nta unanunua, utambi unanunua, manukato unanunua, glasi unanunua, yani hapo cha kwako ni kumimina tu, alafu uipakie kwenye buti la basi siku nzima mwezi wa Desemba, utafika Rombo una supu ya nta. Na bibi atauwasha siku umeme umekatika kama mshumaa mwingine wowote, hatajua ulinukia nini.

Wewe una cherehani, hiyo ndo mtaji wako. Nenda ununue doti mbili za khanga, usinunue kitenge, khanga ni nyepesi na inakauka haraka. Kila doti ina vipande viwili kwahiyo una vipande vinne, na kila kipande kinatoa aproni moja kubwa. Najua utaniambia Anti mbona naweza kukata kipande katikati nikapata mbili. Unaweza, ila angalia lile jina la khanga limekaa wapi, lipo chini katikati, ukipitisha mkasi pale unaligawa. Kuna dada alinisimulia alishona aproni mbili kwenye khanga ya "Wema hauozi", wifi mmoja akapata "Wema" mwingine akapata "hauozi", na yule wa "hauozi" aliuliza kwa nini yeye apewe kitu kinachoongelea kuoza. Kwahiyo kata aproni pale katikati jina libaki zima chini kwenye pindo, kama sentimita 80 upana, alafu zile pembe za kushoto na kulia ndo unatoa kamba za shingoni na kiunoni na vishikio vya sufuria. Vishikio weka ndani kipande cha taulo kuukuu au blanketi, mbili tatu juu ya mwenzake, bila hivyo mtu anaungua. Hapo umemaliza wanawake wanne wa jikoni, na Krismasi ya uchagani nani hajui jiko linavyofanya kazi.

Mama mkwe usimpe aproni. Yeye mnunulie doti nzima, kata vipande viwe viwili, pinda mwenyewe kwa mkono zile ncha, pindo jembamba, kushona kwa mkono kunaonekana na mama wa umri ule anajua kukisoma. Alafu soma jina mara tatu kabla ya kulipa jamani! "Nani kama mama" haina kesi. Lakini ukimpelekea "Hasidi hana sababu" kisa rangi ilikuwa nzuri, basi usifungue begi, geuza na basi hilohilo.

Watu wazima watatu waliobaki na watoto wote wapikie kashata. Karanga vikombe viwili, zikaange, zipepete maganda. Sukari kikombe kimoja na nusu weka kwenye kikaango kikavu moto mdogo, usiweke maji, koroga mpaka iyeyuke iwe rangi ya chai ya rangi, tia iliki, mimina karanga, geuza haraka, mwaga juu ya kibao ulichopaka mafuta, sukuma na kifimbo cha chapati na ukate hapohapo ikiwa ya moto. Ukisema ngoja nijibu simu kwanza imeshakuwa jiwe. Rudia mara nne tano upate za kutosha. Pika tarehe 20 au 21, siyo kabla, joto la Dar lina unyevu, kashata inaanza kunata. Weka kwenye kopo lenye mfuniko mkaze kweli, ukifika ndo ugawe kwenye vifuko vya kaki. Mifuko ya plastiki unajua tulishaachana nayo tangu Juni 2019, na kaki inapendeza zaidi, funga na kamba ya katani.

Kitu kingine, kwa kuwa unaenda uchagani, usije ukasema utapambia zawadi na jani la sale kwa sababu linaota pale nje na ni la kijani zuri. Sale kwa Wachaga ni jani la heshima na la kuombea msamaha, ukimkabidhi mzee zawadi imefungwa sale atakaa chini asubiri umwambie umekosa nini.

*Anti mambo. Mi ni mwanaume nina miaka 27, nilitaka kumtengenezea mchumba wangu na ndugu zake sabuni za mafuta ya nazi. Nilianza jumamosi, nikaweka kostiki na maji kwenye sufuria ya mama, ikachemka yenyewe ikatoa povu jeusi na sasa sufuria ina vitobo. Mama haongei na mimi. Nilikosea wapi? – Fundi Sabuni, Mbeya*

Poa kaka. Umekosea kwenye sufuria na mama ana haki.

Sufuria zetu nyingi ni alumini, na kostiki soda inakula alumini kama mchwa, lile povu ni gesi inatoka huku chuma chenyewe kinayeyuka, na hiyo gesi inawaka moto. Shukuru hukuwa karibu na jiko. Kostiki ni ndoo ya plastiki nzito au sufuria ya stili, na mwiko wa mbao ambao haurudi tena kupikia ugali.

Sikukatazi kuendelea, sabuni ni zawadi nzuri kwasababu hakuna nyumba isiyooga, lakini hii siyo kashata. Vaa glavu, vaa miwani, fanyia nje, watoto wasiwepo. Pima kwa mizani, siyo kikombe wala kukadiria: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 165, maji gramu 380. Unamwaga kostiki kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji kwenye kostiki hata siku moja, inaruka. Itapata moto sana na itatoa mvuke, geuza uso. Ikishapoa ikabaki vuguvugu ndo unaimimina kwenye mafuta nayo yakiwa vuguvugu, unakoroga mpaka iwe nzito kama uji unaoacha alama juu, alafu unamimina kwenye boksi ulilotandika karatasi ya nailoni. Nazi tupu inagandisha haraka, kwahiyo usisubiri kesho, ikate baada ya masaa machache ikiwa imeshika lakini bado inakatika, na glavu bado mkononi. Ikikurukia kwenye ngozi osha na maji mengi ya bomba dakika 15 au zaidi, usianze kupaka siki. Ikiingia jichoni osha hivyohivyo huku mtu anatafuta boda ya hospitali.

Sasa hesabu kalenda. Sabuni hii inakaa wiki 4 kwenye hewa ndo inakuwa tayari, maana yake mwisho wa kumimina kwa Krismasi ni tarehe 25 Novemba hivi. Ukichelewa mpe ya Pasaka. Na ile ya kwanza kabisa itakayotoka vizuri mpelekee mama, ndani ya sufuria mpya.

*Habari Anti, niko Mombasa. Nataka kutuma achari ya maembe kwa dada zangu Nairobi kwa basi, je itafika bila kumwagika? – Da Mwana*

Nzuri Da Mwana. Itafika ukitumia chupa za glasi za jemu zenye mfuniko wa bati ambao mpira wake wa ndani haujachakaa. Chemsha chupa dakika kumi, zikauke kabisa, maana tone la maji ndo linaloleta ukungu. Maembe mabichi yatie chumvi, yaanike jua kali siku mbili au tatu mpaka yasinyae, hiyo hatua watu wa siku hizi wanairuka ndo maana achari zao zinachacha. Jaza, mafuta au siki ifunike maembe yote, na uache nafasi ya kidole juu. Kila chupa ivalishe soksi kuukuu alafu zipange kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Sasa hivi maembe yamejaa, usingoje yapande bei.

*Anti mimi nina kinyongo. Mwaka jana nilimsukia wifi yangu kiondo cha katani, nilisuka miezi miwili kila usiku baada ya kazi. Februari nikamkuta msaidizi wake wa nyumbani amekibeba anaenda nacho sokoni. Nilitaka mwaka huu nimpe leso ya dukani tu tukae hivyo. – Msusi wa Machakos*

Pole mwanangu, inauma, sitakudanganya haiumi.

Ila nikuulize, huyo wifi yako huwa anaenda sokoni? Maana unavyoniambia anaonekana ni mtu wa gari na supamaketi, na kiondo ni cha mtu anayebeba viazi. Kimefika kwa mtu anayebeba viazi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfumia baba sweta la sufu, zito, shingo ya kukunja, nikakesha nalo mwezi mzima, na baba yangu mzee wa Tanga hajawahi kusikia baridi tangu azaliwe. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua, alafu likawa linafunika redio isipate vumbi. Miaka sita. Nilikasirika mwanzoni, baadae nikaona redio haijawahi kuharibika. Nilifuma nilichojua mimi kufuma, sikuangalia mzee anatumia nini.

Leso mpe tu, ni kitu kizuri, usimpe kwa hasira. Na kama una katani imebaki mtengenezee yule msaidizi kingine cha saizi yake, huyo ndo mteja wako.

*Shikamoo Anti. Nina miaka 12, naishi Morogoro. Babu anakuja Krismasi kukaa kwetu na anapenda sana bao lakini bao lake liliachwa Pangani. Nina shilingi elfu mbili. Naweza kununua nini? – Mjukuu*

Marahaba mjukuu wangu. Hiyo elfu mbili tunanunulia rangi ndogo tu na mengine yote tunaokota.

Nenda kwa muuza chipsi muombe trei mbili za mayai za karatasi, wanazitupa. Trei moja ina mashimo 30, yani 5 kwa 6. Bao la kiswahili linataka mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, kwahiyo kwenye kila trei unakata kipande cha 4 kwa 4 alafu unaviunganisha viwili ubavu kwa ubavu. Muombe mama akusaidie mkasi. Chini yake gandisha boksi gumu ili lisipinde. Gundi usinunue, chukua unga wa ngano vijiko viwili na maji kikombe, mama akupikie kama uji, ukipoa ndo unapaka, unaweka tofali juu mpaka kesho.

Likikauka paka rangi. Sasa hapa ndo babu atajua una akili: kila mchezaji ana shimo lake la nyumba, lile huwa la mraba kwenye bao la mti. Kaa upande wako, mstari wa mbele, hesabu kutoka kushoto shimo la tano, lipake rangi tofauti. Alafu zunguka ukae upande wa pili, hesabu tena kutoka kushoto kwako mpya, la tano, paka. Usipozunguka utalikosea.

Kete ni 64. Pwani wanatumia komwe na babu ndo amezizoea, ila Morogoro okota maganda makavu chini ya mkrismasi, ule mti wenye maua mekundu mwezi huu, mbegu zake ni ngumu na ganda moja linatoa nyingi. Osha, anika. Zishonee kifuko cha kitambaa kwa fundi yeyote wa mtaani, vipande vinadondoka chini pale na ukimsalimia vizuri hatakudai.

Usijifanye unajua kucheza. Mpangie mwanzo tu, kila upande kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 mkononi, alafu mwambie babu nifundishe. Na kabla hujafunga kifuko hesabu upya zifike 64, maana ikipungua moja babu akifungwa atasema wewe ndo umeificha.