Usiinunue hiyo rauta Jumamosi, piga pingi kwanza

Usiinunue. Nimesoma swali lako mara mbili, nikaona ni kama nasoma habari zangu mwenyewe za miaka mitatu nyuma: umesema uko flati Bamburi, ghorofa ya tatu, una konsoli (mashine ya michezo) ya PS4, unacheza eFootball, ule mchezo wa mpira wa mtandaoni, mechi inakatika usiku ukiwa unaongoza mbili bila, na maandishi ya kupotea kwa muunganisho yanajaa kioo kizima. Spidi ya intaneti ukiipima ni megabiti 20 kwa sekunde, kamili. Na sasa kijana wa dukani amekwambia dawa ni "rauta ya wachezaji", yaani kifaa kipya cha kugawa intaneti nyumbani, ya elfu ishirini na ushei, na Jumamosi unakwenda mjini kuichukua. Usiende, mdogo wangu. Piga pingi kwanza, yaani tuma pakiti (vijipande vidogo vya data) kwa kifaa, uhesabu ngapi zinarudi na kwa muda gani. Hilo swali lako jingine, la maikrofoni kutosikika kwa wenzako, lingoje, hili kwanza.

Mimi niliinunua. Shilingi 27,500. Ilikuwa na antena nane, ukiiweka mezani utasema kaa aliyelazwa chali. Yule bwana aliyeniuzia aliniuliza maswali mawili tu: nacheza mchezo gani, na nina pesa ngapi. Hakuuliza intaneti yangu inaingiaje nyumbani. Hakuuliza kama ni waya wa faiba au antena ya kwenye paa. Hakuuliza inakatika saa ngapi. Alinionyesha boksi lenye picha ya joka, akaniambia, "Hii, kaka, utasahau neno lagi." Lagi ni ule mchezo kukwamakwama. Na mimi nikaamini kwa sababu alisema bila kusitasita. Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka barabara, kwa maana nikimwona nitamwambia maneno ambayo mtu mzima hafai kuyasema hadharani.

Pesa ile haikuwa ya mchezo. Nilikuwa naiweka kidogo kidogo, karibu miezi saba, kwa ajili ya friji ya mama. Mama huuza maji ya ukwaju na barafu za ubuyu pale kibarazani kwetu, na Ramadhani ilikuwa imekaribia, msimu ambao kila nyumba inataka kitu baridi kabla ya adhana ya magharibi. Nilijiambia nitairudisha mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja na yake. Ramadhani ile yote mama alipeleka chupa zake kwa jirani asubuhi, alasiri anazifuata na beseni kichwani, na jirani naye friji yake ikijaa samaki, chupa zinarudi zikiwa vuguvugu. Hakuninung'unikia hata siku moja. Wanaotaka kucheka wacheke, lakini hilo ndilo linalonifanya niandike kirefu hivi saa sita usiku.

Na rauta yenyewe? Usiku wa kwanza nilicheza mechi mbili safi. Ya tatu ikakatika dakika ya 61. Zaidi ya hapo, ikaniharibia kitu kilichokuwa kizima. Awali konsoli ilikuwa inaonyesha NAT aina ya 2 (NAT ni rauta kubadilisha anwani za vifaa vya nyumbani; kwenye PS4 aina ya 2 ni ya kawaida, ya 3 ni iliyobanwa). Baada ya kuichomeka rauta mpya nyuma ya ile ya mtoa huduma, ikawa aina ya 3, na sikuweza tena kuingia vyumba vya marafiki. Sababu ni kwamba rauta mbili zikipangwa mkia kwa mkia, kila moja inabadilisha anwani za pakiti zinazopita, na konsoli ya mwenzako inashindwa kukufikia. Kwenye eFootball mechi hupigwa moja kwa moja kati ya konsoli yako na ya mpinzani, kwa hiyo hilo linauma kweli. Nawe umesema una NAT aina ya 3 tayari: angalia kama huna rauta ya pili mahali; ikiwepo, uiweke katika hali ya kugawa waifai tu, kisha washa UPnP (inairuhusu konsoli kujifungulia njia) kwenye ile moja inayobaki. Na ukiona anwani ya nje ya rauta yako inaanza na 100 kisha namba ya pili iko kati ya 64 na 127, ujue mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna rauta ya dukani itakayobadilisha hilo. Utamwomba yeye akupe anwani ya umma.

Turudi kwenye makosa yangu, maana sikukomea hapo. Simu ya huduma kwa wateja ilinijibu kwamba kifurushi changu ni kidogo. Nikapanda kutoka cha 2,500 kwa mwezi hadi cha 4,500, nikakaa nacho miezi mitatu. Hiyo ni 6,000 nyingine. Nataka uelewe kwa nini ulikuwa ushauri mbovu. Mchezo wa mtandaoni, ukishapakuliwa, kwa kawaida hautumii hata megabiti moja kwa sekunde. Unatuma vijipakiti vidogo vidogo mara nyingi kwa sekunde: mchezaji yuko hapa, mpira uko pale. Unachotaka ni pakiti zifike, tena zifike kwa wakati. Kupanua kifurushi ni kupanua barabara ilhali gari lako linatoboka tairi palepale getini.

Kisha kuna aliyenishauri nibadilishe DNS, na naona hata kwenye uzi huu kuna bingwa ameshakuambia uweke 8.8.8.8, DNS ya Google. DNS ni daftari la majina. Inatafsiri jina la seva kuwa namba kabla ya kuunganishwa, basi, kazi yake imekwisha. Mechi ikishaanza, DNS haimo. Haiwezi kuwa ndiyo inayokukata dakika ya 61.

Mwingine amekuambia ni nyaya za baharini. Sisi Mombasa kila kitu kikiharibika tunausingizia mkonga, yaani nyaya hizo za intaneti za chini ya bahari, kwa sababu zinatua hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Ni kweli inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na Afrika Mashariki nzima ikajua. Hilo ndilo la kuangalia: mkonga ukikatika tunalia sote, mchana na usiku, wa benki na wa mpira. Haukati mechi yako peke yako saa tatu usiku, kisha saa sita mchana kesho yake ukawa mzima.

Sasa nikwambie ilivyopona. Jirani yetu wa chini, dada mmoja anayefunga kamera za ulinzi, alikuja kwetu kumlipa mama pesa za ukwaju, akanikuta nimeshika kichwa. Akaniuliza, "Umeipiga pingi rauta yako mwenyewe?" Nikamwambia nimepiga 8.8.8.8, pakiti nne zimekwenda nne zimerudi, hakuna iliyopotea. Akaniambia, "Nne? Nne si kipimo, hizo ni salamu."

Ana haki. Amri ya ping kwenye Windows ikiachwa hivyo hutuma pakiti 4 tu. Kama tatizo lako linakula pakiti chache katika kila mia, ukituma nne mara nyingi sana zitapita zote salama, nawe utalala ukijua uko sawa. Alifungua laptopu, akaichomeka kwa waya kwenye rauta, akaandika ping -n 200 192.168.1.1, yaani pakiti 200 kwa anwani ya rauta. Dakika tatu na ushei tukikodolea mistari. Zilizopotea: sifuri. Kisha akaandika tracert 8.8.8.8, amri inayoorodhesha vifaa ambavyo pakiti inavipitia njiani. Mstari wa kwanza ni rauta, mstari wa pili ni antena iliyo juu ya paa letu. Akapiga pingi hiyo ya pili, 200 vilevile. Zilizopotea: 9. Na hazikupotea moja moja, zilipotea mbili tatu zikifuatana, kisha kimya, kisha tena.

Tafakari hapo. Pakiti zangu zilikuwa hazijatoka hata nje ya jengo. Hazijaona mnara, hazijafika Nairobi, hazijagusa bahari. Zilikuwa zinafia kati ya sebule na paa, na mimi nimeshanunua kaa wa 27,500.

Tulipanda juu asubuhi. Antena inatazama baharini, upepo wa kusi unaipiga usoni. Waya wa kutoka chini umeingia kwa chini ya antena, na ile RJ45, kile kichwa cha plastiki chenye pini nane, kilikuwa wazi. Fundi aliyefunga hakurudisha kifuniko chake cha mpira, nilikikuta kimelala palepale sakafuni kimekauka. Dada yule alikibonyeza kichwa akakivuta taratibu. Pini tatu zilikuwa za kijani. Si kijani cha rangi, ni ile poda ya shaba iliyoliwa na chumvi, ukiigusa inabaki kidoleni. Pini moja ilikuwa nyembamba kama uzi. Na ndani ya tundu, tone la maji.

Akanieleza: waya ule ule unaopitisha intaneti ndio unaopeleka umeme kwenye antena. Umeme, unyevu na chumvi vikikutana, shaba inaliwa upesi. Mchana jua linakausha, mguso unakuwa afadhali. Usiku umande unashuka, mguso unalegea, pakiti zinapotea. Ndiyo maana usiku tu. Na ndiyo maana kila mtu, kuanzia huduma kwa wateja, aliniambia ni msongamano wa watu wa usiku. Nawe wameshakuambia hivyo, nimeona.

Msongamano una alama yake. Muda wa pingi hupanda kwanza, yaani kama kawaida yako ni milisekunde 20 utaona 80, 150, 200, halafu ndipo pakiti zinaanza kupotea. Waya mbovu hauko hivyo: pakiti zinapotea huku zile zinazorudi zikirudi kwa 20 ileile. Kwangu ilikuwa hiyo ya pili, kwa miezi mitano, na hakuna hata mmoja kati ya waliochukua pesa zangu aliyetazama.

Alikata kipande cha waya kama shibiri moja, mpaka shaba ilipokuwa nyekundu tena, akabana kichwa kipya, akarudisha kifuniko, akazungushia tepu ya mpira. Kichwa ni shilingi 50. Kazi alikataa pesa, mama akampa jagi la ukwaju. Usiku ule nikapiga pingi 200 nyingine: sifuri. Mechi sita, hakuna iliyokatika. Nilikaa nikatazama ile rauta ya antena nane nisijue nicheke au nilie.

Kwa hiyo wewe, kabla ya Jumamosi, usiku wa leo, saa zile zile inapokatika, si mchana. Uliipima spidi saa ngapi, kwanza? Kama ni mchana, kipimo hicho kisahau. Hata kingekuwa cha usiku, kipimo cha spidi pakiti ikipotea inatumwa tena kimyakimya, namba mwishoni inaonekana nzuri. Mchezo hauna nafasi ya kungoja pakiti irudiwe.

Azima laptopu. Ichomeke kwa waya, sio waifai, maana waifai ina mambo yake na hutajua unapima nini. Pingi 200 kwa rauta. Ukipoteza hata moja kwa waya, tatizo ni ule waya au rauta, na ukabadilishe waya kwanza kwa sababu ni shilingi mia mbili tatu. Ikiwa sifuri, tracert, halafu pingi 200 kwa mstari wa pili, halafu wa tatu. Ukiona mstari wa katikati unapoteza lakini wa mbele yake na wa mwisho haipotezi, usiujali huo, vifaa vingine vya njiani havina haraka ya kujibu pingi. Unatafuta mahali ambapo upotevu unaanza na unaendelea mpaka mwisho. Hapo ndipo penye ugonjwa, na pakiwa ni baada ya paa lenu, hizo namba ndizo utakazompelekea mtoa huduma. Ukimwambia "inakatika" atakwambia zima uwashe. Ukimwambia "nimepoteza 9 katika 200 kwenye antena yenu saa tatu na nusu usiku" atatuma fundi.

Na kama kwenu pia ni antena ya paani, panda ukaitazame chini yake, mchana, umeme ukiwa umezimwa. Bamburi mko karibu na maji kuliko sisi.

Usinunue chochote kabla hujajua pakiti inapotelea wapi. Si rauta, si kifurushi kikubwa, si VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine). Hiyo VPN nayo nililipa 1,300, sijaitaja kwa sababu nimechoka kuhesabu.

Leo ni Alhamisi. Weka hapa matokeo matatu, ya rauta, ya mstari wa pili na ya mwisho, na saa uliyopima. Kesho baada ya swala ya Ijumaa niko nyumbani, nitayasoma.